Lupu inalia tik, faili limerudishwa, mteja kadaiwa: kutafuta kasoro kwenye muziki wa maktaba za mtandaoni

Maktaba za muziki mtandaoni, kule ambako watengeneza video, matangazo na michezo ya simu huchukua muziki kwa leseni, hazina desturi ya kueleza kwa kirefu kwa nini zimekukatalia kazi. Unaletewa sentensi moja, mara nyingi ileile aliyoletewa jirani yako kwa kosa tofauti kabisa, halafu unabaki kukisia. Hapa tunaanzia kwenye dalili unayoiona au kuisikia, tunarudi nyuma hadi kwenye sababu.

Kitu kimoja kabla ya vyote. Karibu kila kasoro iliyo hapa chini huzaliwa ndani ya mradi (faili la kazi la programu ya kurekodia), faili la muziki likiwa bado halijatoka. Ukijaribu kuitibu kwenye WAV (faili la sauti lisilobanwa) iliyokwisha kutolewa utaweka kiraka juu ya kiraka. Fungua mradi, rekebisha huko, toa faili upya. Kwa haki za muziki ni vivyo hivyo: tatizo halipo kwenye fomu ya maktaba, lipo siku ulipochukua sauti ya mtu bila karatasi.

Lupu inalia "tik" kila inaporudi mwanzo

Lupu ni kipande cha muziki kilichotengenezwa kijirudie. Panga nakala 8 za faili lako, moja ikigusa nyingine bila kupandana, usikilize kwa hedifoni. Zima kwanza ule ufifishaji mfupi ambao programu nyingi za kurekodia huuweka kwenye kingo za kila kipande bila kukuuliza. Ukiuacha, lupu itasikika safi studio kwako, na mteja ndiye atakayeisikia tik. Kisha sikiliza ni tik ya namna gani, kwa sababu ziko angalau nne na dawa zake hazifanani.

Tik kali na fupi, kama kucha kwenye kioo, ni wimbi lililokatwa njiani. Faili linaisha wimbi likiwa juu na linaanza likiwa chini, kwa hiyo spika inalazimika kuruka. Kuza picha hadi uone sampuli (vipimo vidogo vya sauti vinavyounda faili) moja moja, utaliona pengo. Kwa ngoma tupu, ufifishaji wa milisekunde 2 hadi 5 kwenye mwisho wa faili unatosha. Kwa besi ndefu au kinanda kilichoshikiliwa hautoshi: tik itaondoka lakini utaacha shimo, na sikio hulisikia shimo la besi upesi mno. Wengine husogeza mkato hadi pale wimbi linapovuka sifuri (kwenye Audacity ni herufi Z), bila kukumbuka kwamba kusogeza mkato kunabadilisha urefu wa lupu. Tik imepona, tempo imeugua.

Tik isiyo tik hasa, bali kama mtu amezuiliwa pumzi, ni mkia wa mwangwi uliokatwa. Sauti inafifia vizuri hadi mwisho wa pao (fungu la mapigo) la nne, halafu ghafla kimya, na duru mpya inaanza kwenye chumba kikavu. Hii ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote na ndiyo inayorekebishwa vibaya kuliko zote, maana wengi hupunguza mwangwi badala ya kuuzungusha. Mkia wa mwisho unatakiwa usikike juu ya mwanzo. Dawa yake ni duru ya pili:

1. Nakili lupu mara 3 mfululizo ndani ya mradi, pamoja na otomesheni zake (mabadiliko ya vidhibiti yaliyorekodiwa).
2. Weka alama mwanzo kabisa wa duru ya pili, na nyingine mwanzo kabisa wa duru ya tatu.
3. Toa faili kati ya alama hizo mbili, mkia wa ziada ukiwa umezimwa.
4. Rudia jaribio la nakala 8.

Duru ya pili imebeba mkia wa ya kwanza mwanzoni mwake, basi ikijirudia inajipokea yenyewe. FL Studio ina njia ya mkato kwenye dirisha la kutoa faili: chaguo la "Wrap remainder", ambalo huchukua mkia na kuuchanganya na mwanzo. Reaper nayo ina "2nd pass render". Kati ya kuzungusha mkia tu na kupita duru ya pili kamili, chagua duru ya pili kama kwenye masta (njia ya mwisho inayopitisha wimbo wote) kuna kompresa au limita, vifaa vya kubana sauti kubwa. Duru ya kwanza kompresa inaanza ikiwa haijashikwa na kitu, kwa hiyo kiki (ngoma nzito ya chini) ya kwanza hutoka na nguvu kuliko zinazofuata. Kwenye wimbo mzima hakuna anayejali. Kwenye lupu inayorudi kila sekunde 8 inasikika kama mtu anayeshtuka.

Kama bado inalia, tafuta sinthi (ala ya kielektroniki) yenye mawimbi yanayozunguka kwa muda wake bila kufuata tempo. Duru mbili zake hazitalingana hata ukikesha. Fungia mzunguko huo kwenye tempo, au igeuze sinthi hiyo kuwa sauti na uchanganye kingo zake kwa mkono.

Aina ya tatu inawahusu wanaorekodi ngoma za mkono, na mara nyingi mkaguzi wa maktaba ndiye huigundua kabla ya mpigaji. Pigo la kwanza la lupu ni dhaifu, na mwisho wa faili kuna kitu kama mkwaruzo mdogo. Mpiga dumbaki au msondo hapigi juu ya mstari wa programu; huutangulia kidogo, milisekunde 5, 10, pengine zaidi. Ukikata juu ya mstari, ncha ya pigo la kwanza inabaki nje ya faili, na ncha ya pigo la duru inayofuata inabaki ndani, mkiani. Usiivute ngoma ikae kwenye mstari. Utaua mwendo wake, na huo mwendo ndio mteja anaulipia. Vuta alama zote mbili, ya mwanzo na ya mwisho, zirudi nyuma kwa kiasi kilekile. Milisekunde 10 kwenye 44.1 kHz (sampuli 44,100 kwa sekunde) ni sampuli 441. Urefu haubadiliki, pigo linaingia zima.

Ya nne: WAV ni safi, MP3 inalia, au tuseme ina pengo dogo la kimya. Hapo huna kosa, MP3 imeumbwa hivyo. Inafungasha sauti kwa mafungu ya sampuli 1152, na mafungu hayo hayajali lupu yako ina urefu gani, kwa hiyo hujaziwa kimya mwishoni. Mwanzoni nako kunaongezeka kuchelewa: LAME, programu ya kutengeneza MP3, huweka sampuli 576, kisha kifunguaji cha kawaida huongeza 529. Jumla 1105, yaani milisekunde 25 hivi. LAME huandika ndani ya faili ni kiasi gani cha kukatwa, ila vichezaji vingi havisomi. AAC, aina nyingine ya faili lililobanwa, nayo ina kimya chake cha mwanzoni. Kwa hiyo lupu ipeleke kama WAV, na kwa wateja wa michezo ya simu ongeza OGG, nayo ni faili lililobanwa, ambayo hulinda urefu wa sampuli. Maktaba ikitaka MP3 ya kusikiliza tu, ipe, lakini andika kwenye maelezo kwamba lupu yenyewe iko kwenye WAV. Usipoandika, mteja atajaribu ile MP3 na kukupa nyota moja.

Lupu hailii, ila inachechemea

Mteja anaweka lupu chini ya nyingine. Dakika ya kwanza sawa, ya tatu zimeachana. Urefu si kamili. Anayekata kwa sekunde za kukadiria ndiye hufika hapa. Chukua pao 4 za 4/4 kwa tempo 110: mapigo 16, sekunde 8.72727 na kuendelea. Ukiandika 8.73 umeongeza karibu milisekunde 3 kila duru, na baada ya duru 20 umechelewa milisekunde 55 hivi, ambazo hata asiye mwanamuziki anazisikia. Kata kwa mapigo au kwa sampuli, kamwe si kwa sekunde.

Anayetaka kulala usingizi huchagua tempo inayogawanyika. Kwenye 44.1 kHz pigo moja ni 2,646,000 ukigawanya kwa tempo: 90 inatoa sampuli 29,400, 105 inatoa 25,200, 108 inatoa 24,500, 120 inatoa 22,050. Kwenye 48 kHz unagawanya 2,880,000: 96 inatoa 30,000, 100 inatoa 28,800, 125 inatoa 23,040, 128 inatoa 22,500. Sehemu ya sampuli moja haisikiki, tusitishane. Lakini kwenye 44.1 kHz tempo ya 110 unaweza kuisogeza hadi 108 au 112 bila wimbo kulalamika, na hesabu inakaa sawa kwa kila programu mteja atakayotumia.

Kuna uchechemeaji mwingine ambao hautokani na hesabu ya tempo. Chakacha na ngoma nyingi za pwani ni za 6/8. Programu ikifunguliwa inakuja na 4/4, prodyuza anarekodi bila kugusa kitu, kisha anakata "pao nne" kwa macho. Pao 4 za 4/4 ni noti za robo 16. Pao moja ya 6/8 ni noti za robo 3. Umekata pao 5 na theluthi. Lupu inarudi mwanzo katikati ya maneno, na mkaguzi asiyeijua chakacha anaandika kwamba mpigaji hafuati tempo. Badilisha kipimo cha mradi kiwe 6/8 kabla ya kurekodi. Kama umekwisha rekodi, noti za robo 12 ni pao 4 kamili za 6/8, 24 ni pao 8.

Hapo hapo angalia namba ya tempo uliyoijaza kwenye fomu. Kama mguu unagonga mara 120 kwa dakika katika 6/8, programu nyingi zitakuonyesha 180, kwa sababu zinahesabu noti za robo na si mguu wako. Andika namba ya programu kwenye kisanduku cha tempo, na kwenye maelezo andika kwamba ni 6/8 na mguu ni 120. Singeli ina shida ya kinyume: ni muziki unaopita 200 bila kuhema, na mashine ya maktaba inayokisia tempo yenyewe mara nyingi itaandika nusu. Hakikisha namba kabla hujabonyeza kitufe cha mwisho.

Faili linakataliwa kabla halijasikilizwa

Hii ni kazi ya mashine, na mashine haina ubishi. Kama faili ni biti 32 za desimali, litoe upya kwa biti 24 au 16, kadiri maktaba inavyotaka. Ukishuka hadi 16 washa ditha (kelele ndogo ya makusudi inayoficha makosa ya kupunguza biti) mara moja tu, mwisho kabisa wa mnyororo. Kama upakiaji unakatika njiani, piga hesabu ya ukubwa kabla ya kulaumu mtandao: stirio ya 48 kHz na biti 24 ni MB 17.28 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 2 na nusu ni MB 43.2, na stemu 8 zake (mafaili ya ala zilizotolewa mojamoja) ni karibu MB 346. Hizo zipakie usiku. Majina ya faili yawe herufi, namba na kistari tu. Nukta mbili, mkwaju au alama ya nyota kwenye jina la faili hukwamisha kazi nzima.

Ukiambiwa kwamba WAV "si halisi", ifungue kwenye programu ya kuonyesha spektrogramu (picha ya masafa ya sauti), Spek kwa mfano. WAV iliyotokana na MP3 ya kbps 128 huwa imekatwa kama kwa kisu karibu na kHz 16; juu yake ni giza. Kuibadilisha iwe WAV hakurudishi kilichokwisha tupwa. Mara nyingi wimbo wenyewe ni halali na kilichokatwa ni kipande kimoja tu, tuseme sauti ya waimbaji iliyotumwa kwa WhatsApp. Omba rekodi ya asili kutoka studio iliyorekodi.

Na kama mteja analalamika wimbo unasikika juu na haraka kuliko aliousikia kwenye tovuti, kuna mahali faili la 44.1 limesomwa kama la 48. Sauti inapanda karibu nusutoni moja na nusu na dakika nzima inakuwa sekunde 55. Wa video hufanya kazi kwa 48 kHz, basi toa matoleo ya 48 moja kwa moja kutoka kwenye mradi, usimwachie mteja kubadilisha.

Masta inapasuka ikiwa MP3, au inasikika ndogo kuliko za wenzako

WAV ilionyesha kilele cha -0.1, hakuna taa nyekundu, lakini MP3 inapasuka. Mita ya kawaida huangalia sampuli zenyewe. Wimbi halisi hupanda juu kati ya sampuli mbili, na ubadilishaji kuwa MP3 huongeza tena kidogo. Weka dari ya limita kwenye -1 dBTP, kilele cha kweli, siyo kile cha sampuli. Youlean Loudness Meter ina toleo la bure linalopima. Anayependelea mstari wa amri atumie ffmpeg:

`ffmpeg -i wimbo.wav -af ebur128=peak=true -f null -`

Namba za mwisho zitakuonyesha LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) za wimbo mzima na kilele cha kweli.

Kuhusu udogo wa sauti, acha kukimbizana. YouTube hushusha kinachozidi kama -14 LUFS, na televisheni za Ulaya hufanya kazi kwa -23 chini ya kanuni ya utangazaji ya EBU R128. Wimbo uliosagwa hadi -7 utashushwa vilevile, ila utashuka ukiwa umekufa, na chini ya sauti ya msimuliaji utakuwa ukuta. Muziki wa maktaba ukikaa kati ya -14 na -11 unatosha, na ngoma zinabaki na meno.

Jaribio la mwisho ni mono, yaani pande mbili za stirio zikiunganishwa kuwa moja. Bonyeza mono kwenye masta. Kama gitaa au kwaya inapotea, umepanua stirio kupita kiasi na pande mbili zinauana. Spika za simu nyingi, na za dukani, zitakufanyia jaribio hilo upende usipende.

"Haifikii kiwango cha kibiashara"

Sentensi hii hufunika mambo mengi, lakini kwa maprodyuza wa kwetu mara nyingi si ubora wa sauti. Ni mpangilio. Biti ya msanii, yaani muziki wa kuimbiwa, imeachiwa nafasi ya msanii: pao 16 zilezile zikisubiri mtu aimbe, na mtu huyo hayupo. Mkaguzi anasikia karatasi tupu. Muziki wa maktaba unatakiwa ubadilike kila pao 8 hivi hata bila sauti ya mtu, na uwe na pumziko dogo ambapo mhariri wa video anaweza kukata. Utangulizi usizidi sekunde 5 kabla kitu hakijatokea. Na uishe kwa pigo la mwisho lenye mkia wake, usififie tu, kwa sababu mhariri anahitaji mahali pa kuweka nembo ya kampuni.

Toa matoleo pamoja: wimbo mzima wa dakika 2 hadi 2 na nusu, sekunde 60, 30 na 15, lupu moja au mbili, na kipigo cha kufungia cha sekunde 3 hadi 7. Sekunde 30 maana yake kila kitu, mkia ukiwemo, kimeisha ndani ya 30. Tangazo likinunuliwa muda wa sekunde 30, televisheni haikupi ya 31.

Kwenye vitambulisho, "African" peke yake haimfikishi mtu popote. Mtafutaji anaandika hali na kazi: harusi, safari, sokoni asubuhi, furaha, polepole. Weka ala kwa majina yake, kanuni, udi, zeze, marimba, na aina ya muziki. Taarabu usiite muziki wa Kiarabu kwa sababu tu kuna kanuni ndani. Anayetafuta muziki wa Kiarabu atakasirika, na anayetafuta Zanzibar hatakuona.

Maktaba inauliza sauti umezitoa wapi

Usijibu kwa haraka. Rudi kwenye mradi, tembea njia moja moja, na andika chanzo cha kila moja: nimepiga mwenyewe, ni plagini (ala ya ndani ya programu), ni pakiti ya kununua, ni rekodi ya mtu. Pakiti za sauti, na lupu zinazokuja na Logic au GarageBand, kwa kawaida hukuruhusu kuzitumia ndani ya utunzi wako. Hazikuruhusu kuziuza peke yake zikiwa lupu. Kwenye wimbo mzima wenye ala 12, lupu ya pakiti haina neno. Ukiipeleka kama "lupu yangu ya ngoma" baada ya kuongeza hai-hati (sahani za ngoma) mbili, unauza mali ya mtu, na mkaguzi huenda akaitambua kwa sikio kwa sababu keshaisikia mara arobaini. Kwa lupu na stemu tumia sauti ulizopiga au kutengeneza mwenyewe kuanzia sifuri. Hakuna njia ya katikati hapo.

Wapigaji na waimbaji uliowaalika wasaini karatasi siku ya kurekodi, kabla ya kula na kupiga soga. Iwe na jina kamili, tarehe, jina la kazi, kiasi walicholipwa, na ruhusa ya kutumia rekodi duniani kote kwenye video, matangazo na michezo, pamoja na kuikata na kuibadilisha. "Tulielewana" siyo hati. Kaswida iliyorekodiwa mtaani kwa simu, adhana, nyimbo za shule, hizo ziache kabisa. Na wimbo wa jadi usidhani hauna mwenyewe: sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inazigusa sanaa za jadi, na Kenya ina sheria yake ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Tunga kitu kipya kwenye mdundo huo. Mdundo hauna shida, wimbo unao.

Swali lingine la fomu ni kama umejiunga na chama cha kukusanya mirabaha, UPRS kwa Uganda, kwa mfano. Sema kweli. Kuna maktaba zinazowataka wanachama na kuomba namba ya IPI (ya kumtambulisha mtunzi kimataifa), na kuna zisizowapokea kabisa, kwa sababu mteja wao ameahidiwa hatadaiwa kitu baada ya kununua. "Bila mrabaha" kwenye tovuti hizo maana yake mteja analipa mara moja na hahesabiwi kila anapotumia. Siyo bure, na haiondoi mirabaha ya utangazaji ambayo kituo cha televisheni hulipa chamani pale ambapo muziki umeorodheshwa.

Mteja ana leseni, lakini YouTube inamdai

Kesi hii ina sura moja inayojirudia, na ni ya kwetu hasa. Prodyuza ana biti. Anaiweka maktaba kwa leseni isiyo ya pekee. Miezi inapita, anampa msanii biti hiyo hiyo. Msanii anaimba, anapeleka wimbo kwa msambazaji, na kwenye fomu kuna kisanduku kidogo cha Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki wa mtu ndani ya video. Anakitia tiki kwa sababu kinaonekana kizuri. Kuanzia hapo mfumo huo unaitambua biti kama mali ya msanii. Mteja wa harusi kule Muscat aliyelipia leseni yake vizuri anapata dai, anailalamikia maktaba, maktaba inamfungia prodyuza akaunti.

Msanii hakuwa na haki ya kutia ile tiki. Content ID inataka haki za pekee, na kazi yenye lupu au biti iliyotolewa leseni kwa wengine haistahili. Nawe unayeuza maktaba usijisajili huko kwa biti zilezile, hata kama umeambiwa ni "ulinzi".

Kuzima moto: mwombe msanii aandikie msambazaji wake aondoe wimbo huo kwenye Content ID, wimbo wenyewe utabaki Boomplay, Spotify na kwingine. Dai lililokwisha tolewa liachiliwe. Kwa upande wake, mteja apinge dai akichagua sababu ya leseni, na abandike jina la wimbo, maktaba, tarehe na namba ya leseni. Apinge ndani ya siku 5, maana hapo mapato ya video hushikiliwa tangu siku ya kwanza ya dai badala ya kwenda kwa mdai. Mdai ana siku 30 kujibu. Akikataa, mteja anaweza kukata rufaa, na hapo mdai ana siku 7. Dai la Content ID siyo onyo la hakimiliki, na mteja aliyeingiwa na hofu aambiwe hivyo mapema kabla hajafuta video.

Kinga ni kifungu kimoja kwenye mkataba wa biti: "Msanii hatasajili rekodi hii, wala sehemu ya biti hii, kwenye Content ID au mfumo wowote wa utambuzi, kwa kuwa biti ina leseni nyingine." Au tenga kabisa: biti za wasanii kabati moja, za maktaba kabati jingine.

Hela imepungua au haijafika

Maktaba za Marekani hutaka fomu ya kodi ya W-8BEN. Mstari wa kwanza ni jina lako la pasipoti. Jina la kisanii likiwekwa hapo halitalingana na akaunti ya malipo, na malipo yatakaa. Namba ya mlipakodi ni TIN ya TRA kwa Tanzania au PIN ya KRA kwa Kenya. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi wala Kongo hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya mrabaha unaotoka kwa wateja wa Marekani hukatwa, na hilo si kosa la mtu. Ikikatwa kwenye mauzo ya nchi nyingine, hapo uliza. Fomu hudumu mwaka uliosainiwa na miaka mitatu inayofuata, kisha malipo hukwama kimya kimya hadi usaini upya. Kabla ya kuchagua PayPal hakikisha akaunti ya nchi yako inaruhusu kupokea na si kutuma tu.

Kwenye video iliyokwisha toka kuna sauti inataja jina la maktaba

Mhariri ameacha faili la kusikiliza, lile lenye alama ya sauti, badala ya lililonunuliwa. Kubadilisha ni rahisi kama toleo ni lilelile: pandanisha kiki ya kwanza kwa macho, kwa kuwa faili la kusikiliza kwa kawaida ni MP3 na linachelewa milisekunde kadhaa, kisha angalia kiki ya mwisho. Ya mwisho ikiwa imeachana na ya kwanza imelingana, alinunua toleo jingine, na wewe ulisahau kuandika urefu kwenye jina la faili.